Kimepandwa au Kimechimbwa Porini? Swali la Mnunuzi wa Viazi vya Okidi

Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa wa Nyanda za Juu Kusini



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumzia mizani iliyochezewa, tarehe za mwisho wa matumizi na umuhimu wa kudai risiti. Leo tumekuja na bidhaa ambayo baadhi yenu mmeipita sokoni bila kuitambua, na wengine mmeila kwa hamu bila kuambiwa imetoka wapi. Bidhaa hiyo ni chikanda, ambayo wengine huiita kinaka.

Kwa wasioifahamu, chikanda ni chakula kinachopendwa sana na ndugu zetu wa Zambia. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea wa porini. Viazi hivyo hukaushwa, husagwa au kutwangwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, mpaka upatikane mkate mzito unaokatwa vipande. Mlaji asiyeambiwa angeweza kudhani ni aina ya nyama ya kusindikwa. Ni chakula chenye historia na heshima yake, na hatukuja hapa kukidharau wala kumdharau anayekila. Tumekuja kuzungumzia mmea unaotoa viazi hivyo.

Mmea huo ni okidi. Watu wengi wanaijua okidi kama ua la kifahari linalopamba meza za hoteli. Lakini okidi nyingi za nyanda zetu huota ardhini, katikati ya majani ya mbuga za milimani, na chini ya kila shina kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani: ndicho kilicholisha shina na maua ya mwaka huu, nacho kinaendelea kusinyaa. Cha pili ni kipya, kigumu na kimejaa: ndicho akiba ya mmea, na ndicho kitakachochipua mvua za mwakani zitakaponyesha. Mchimbaji anapofukua hukitafuta hicho kigumu, kwa sababu ndicho chenye unga. Kile kilichosinyaa hakimfai, hukitupa. Basi, ndugu zetu, aondokaye na kiazi kipya ameondoka na mmea wenyewe. Hapa pana tofauti kubwa na kuchuma embe, ambapo mwembe hubaki umesimama, au kuvuna muhogo, ambapo mkulima hurudishia kipande cha shina shambani.

Mtu anaweza kusema kwamba mbegu zitaota nyingine. Okidi hutoa mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo punje ya mahindi au ya maharage. Ili iote, ni lazima mbegu ya okidi ikutane udongoni na kuvu wa aina inayoifaa, nao ndio wanaoilisha mpaka ipate nguvu. Nyingi hazikutani nao. Zile chache zinazobahatika huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Jembe humaliza kwa dakika moja kazi ambayo ardhi imeifanya kwa miaka.

Nyanda za Juu Kusini zina utajiri wa mimea hii usio na mfano. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 413, na uwanda wake umeinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Humo zimeorodheshwa spishi 350 hivi za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla serikali haijaweka mipaka, na yeyote aliyefika huko kati ya Desemba na Aprili, maua yanapochanua, hahitaji kuelezwa sababu.

Uchimbaji haukuanzia kwetu. Walaji wa miji ya Zambia waliongezeka, chikanda ikatoka katika jiko la kijijini ikaingia katika soko la mjini, na okidi za upande wa pili wa mpaka zikapungua. Wanunuzi wakatazama upande huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kila mwaka viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kutoka Tanzania kwenda Zambia, na kwamba spishi zilizokuwa zikichimbwa zilifikia 85. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kila mchimbaji alibeba mzigo wake mdogo, na hapana hata mmoja aliyekusudia kuumaliza mlima. Mizigo hiyo ilipojumlishwa ikafikia mamilioni.

Sheria inasemaje? Ndani ya hifadhi ya taifa, kuchimba, kung'oa au kuondoa mmea bila idhini ni kosa. Msitu wa hifadhi nao unalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kuvusha mpaka ni jambo jingine tena. Okidi zote za dunia zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ule unaojulikana kwa kifupi kama CITES. Mkataba huo ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na Tanzania ni mwanachama. Idadi kubwa ya okidi, zikiwamo zinazochimbwa kwa ajili ya chikanda, zimo katika orodha ya pili: biashara yake ya kimataifa haikupigwa marufuku moja kwa moja, lakini haiwezi kufanyika bila kibali cha nchi inayotoa bidhaa. Kibali hicho kinataka mambo mawili yathibitishwe: kwamba mmea ulipatikana kihalali, na kwamba kuuchukua hakutauhatarisha uhai wa spishi yake porini. Gunia linalopita Tunduma usiku bila karatasi halijathibitisha lolote kati ya hayo mawili.

Ndugu watumiaji wa bidhaa, huenda mtauliza: haya ni mambo ya askari wa hifadhi na maofisa wa forodha, sisi wanunuzi tunaingiaje? Tunaingia kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba mnunuzi anauziwa kitu asichoweza kukikagua. Okidi iliyosimama mbugani ina majani na ua, na mtaalamu huweza kuitambua. Kiazi kilichokauka hakina ua. Unga hauna hata umbo. Baadhi ya okidi za nyanda hizi hazipatikani mahali pengine popote duniani, na nyingine ni za kawaida kwa kiasi, lakini zikishaingia katika gunia moja hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha. Wanasayansi waliochunguza mkate wa chikanda kwa kupima vinasaba wamekuta ndani yake zaidi ya spishi moja. Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Hizi si zile adimu, mama, chukua tu bila wasiwasi," huenda anasema kwa moyo mweupe kabisa, ila hana namna ya kujua. Naye aliyemuuzia hakujua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na asili ya bidhaa ni sehemu ya ukweli ambao mteja anastahili kuupata. Mahali ambapo ukweli huo haupatikani, busara ya mnunuzi ni kuacha.

Tuongeze hapo neno la usalama. Si kila kiazi au tunguu ya porini inafaa kuliwa au kutumiwa kama dawa. Ipo mimea ya tunguu yenye sumu kali. Mmoja wao, uitwao Boophone disticha kwa jina la kitaalamu, ulitumiwa kusini mwa Afrika kutengenezea sumu ya mishale. Anayenunua unga wa mizizi isiyo na jina kutoka kwa mtu asiyemjua anahatarisha afya yake pamoja na fedha zake.

Sababu ya pili ni kwamba mnunuzi ana hiari kubwa kuliko wote waliomo katika mnyororo huu. Mchimbaji mara nyingi ni mtu wa kijiji cha mlimani ambaye msimu wa njaa humkuta mfukoni hana kitu, na kiazi cha porini hakimdai mbegu wala mbolea. Tukimwambia aache, anaacha fedha ya chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Mchukuzi naye anaishi kwa safari. Lakini mnunuzi wa mjini, akiiacha chikanda leo, atapika maharage, mboga au samaki, na watoto wake watalala wameshiba. Ndiyo maana si haki lawama yote kumwangukia mwenye jembe. Anayepoteza kidogo kwa kuacha ndiye anayepaswa kuanza kuacha.

Tumesikia hoja mbili kila tunapolieleza jambo hili, nazo zinastahili majibu. Hoja ya kwanza husema: "Kiazi kimekwisha kung'olewa, nisiponunua hakitarudi ardhini." Ni kweli hakitarudi. Lakini mfanyabiashara haangalii gunia la leo peke yake. Likiisha kufikia adhuhuri, jioni huagiza mawili. Likimdodea mpaka wiki ya pili, huagiza nusu, au huhamia kwenye karanga. Fedha unayomlipa leo ndiyo anayoitumia kuagiza viazi ambavyo bado viko ardhini.

Hoja ya pili husema: "Nikiacha mimi, atanunua mwingine." Huenda. Hata hivyo soko ni jumla ya watu, na kila mmoja wao angeweza kusema maneno hayo hayo. Tena yapo mahali ambapo maswali ya wanunuzi yalibadilisha biashara nzima, nasi tungependa kuwaeleza habari zake.

Huko Uturuki, milimani, huota maua ya tunguu yanayopendwa sana na wenye bustani wa Ulaya. Kwa miaka mingi tunguu hizo zilichimbwa porini kwa mamilioni, zikauzwa kupitia Uholanzi, na mnunuzi wa Uingereza au wa Ujerumani akazipanda nyumbani kwake akidhani zimetoka shambani. Habari zilipofichuka, watetezi wa mimea na wanunuzi wakaanza kuuliza zilikotoka. Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Uholanzi wakakubali kuandika kwenye vifungashio kama tunguu zilichimbwa porini au zilikuzwa. Katika miaka hiyo hiyo, baadhi ya vijiji vya Uturuki vilisaidiwa kuotesha tunguu hizo mashambani, ili wanakijiji waendelee kupata kipato bila kuumaliza mlima wao. Biashara haikufa, na wala matatizo yote hayakuisha, lakini mnunuzi alipata neno moja la ukweli kwenye kifungashio, na mwanakijiji akapata shamba.

Uturuki huohuo una pia kinywaji kiitwacho salep, kinachotengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi kama chikanda yetu. Kilo moja ya unga huo huhitaji viazi kati ya 1,000 na 4,000. Tunaitaja hesabu hiyo ili mkumbuke kwamba kiazi cha okidi ni kidogo, na kwamba mfuko mmoja wa unga unaobebwa kwa mkono mmoja ulikuwa mbuga nzima ya maua.

Je, chikanda haiwezi kulimwa? Watafiti wa Zambia na wenzao wa nchi nyingine wamekuwa wakijaribu kuotesha mbegu zake maabara pamoja na kuvu zinazozihitaji, na tunawaombea mafanikio. Siku mkulima wa Makete au wa Mbala atakapopeleka sokoni chikanda ya shambani, tutarudi mbele yenu kuwaambia mnunue. Kwa leo, kiazi cha chikanda mnachokiona sokoni chukulieni kwamba kimetoka porini, mpaka muuzaji awaonyeshe vinginevyo.

Baada ya maelezo hayo, tunawapa ushauri ufuatao.

Kwanza, ulizeni. Swali ni fupi: kimepandwa au kimechimbwa porini? Ulizeni kwa upole, kwa sababu muuzaji ni jirani yenu na huenda hajawahi kuulizwa. Akisema kimepandwa, mwulizeni ni shamba la nani na liko wapi. Mwenye shamba la kweli hulitaja kwa fahari.

Pili, msinunue viazi vibichi, vikavu wala unga wa okidi usio na maelezo ya asili yake, na msikubali kumbebea mtu mzigo wa namna hiyo kuvuka mpaka. Ofisa akiukuta mzigo mikononi mwako, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kibali, na kusema ulipewa na rafiki hakutakusaidia.

Tatu, mnaopenda maua ya nyumbani, jifunzeni kutofautisha ua la kitaluni na ua la porini. Mmea uliokuzwa kitaluni kwa kawaida una mizizi iliyoizoea na kuijaza chungu chake, majani safi, na wenzake wa umri mmoja waliopangwa kando yake. Mmea uliong'olewa porini mara nyingi una mizizi iliyokatika, udongo wa mbugani au vipande vya magome ya mti vimeng'ang'ania mizizini, majani yametobolewa na wadudu, na wenzake wana ukubwa tofauti tofauti. Wengi wa mimea hiyo hufa baada ya muda mfupi, kwa sababu umetengwa na kuvu na baridi ya mlimani. Hivyo mnunuzi hupoteza ua na fedha zake, na mlima nao umekwisha kupoteza mmea.

Nne, mnaonunua kwa njia ya mitandao ya kijamii, ogopeni tangazo linalosifu mmea kwa kuwa "adimu" au "wa asili kabisa kutoka mlimani". Mnaotaka kusafiri nje ya nchi na mmea wowote, mwende kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kuuliza cheti kinachohitajika, na kama ni okidi, muulize pia kuhusu kibali cha CITES kabla hamjafika uwanja wa ndege.

Tano, mnaotembelea Kitulo, tembeeni katika njia zilizowekwa, pigeni picha kadiri mpendavyo, na liacheni ua mahali pake. Mkiikuta okidi isiyo ya kawaida, msitangaze mtandaoni mahali hasa ilipo, maana picha yenye maelekezo humfikia pia mwenye jembe.

Sita, mkiona magunia ya viazi hivi yanakusanywa au uchimbaji ndani ya hifadhi au msitu, toeni taarifa katika ofisi ya hifadhi, kwa ofisa misitu wa wilaya, au kituo cha polisi kilicho karibu. Msijaribu kumkamata mtu wenyewe. Semeni mlichokiona, mahali na saa.

Mwisho, tunasema neno moja na wazazi. Watoto wenu wanajifunza bei ya vitu kwa kuwatazama mkinunua. Wanapowasikia mkiuliza uzito, tarehe na risiti, nao hukua wakiuliza. Ongezeni mbele yao swali hili la asili ya bidhaa. Uwanda wa Kitulo utaendelea kuchanua kila masika endapo viazi vitabaki ardhini, na vitabaki huko iwapo hapatakuwa na mtu wa kuvilipia sokoni.